Kwa Nini Askari Wasiokufa Hawakuweza Kumaliza Vita Vyao?

Je, wajua kwamba katika Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya televisheni ya kubuni kuhusu maisha ya angani, kuna sehemu ambamo kuponywa ni adhabu nzito kuliko kuuawa? Sehemu hiyo, iitwayo "Battle Lines", ilirushwa mwaka 1993 katika msimu wa kwanza, na swali inaloliibua ni hili: ikiwa kila anayeuawa vitani hufufuka akiwa mzima, kwa nini wapiganaji wasichoke, wakatupa silaha na kwenda zao?

Kai Opaka, kiongozi mkuu wa dini wa sayari ya Bajor iliyotoka kukombolewa mikononi mwa Wacardassia, wageni wa sayari nyingine walioivamia na kuitawala, anatembelea kituo cha anga cha kamanda Sisko na kuchukuliwa katika safari ya mbali. Kabla ya kuondoka anavua mkufu wake na kumpa fundi O'Brien ampelekee binti yake, tendo dogo ambalo mtazamaji makini hulitilia shaka, kwa kuwa ni la mtu anayeaga. Chombo chao kinatunguliwa na setilaiti inayolinda mwezi wasioujua, Opaka anafariki, Meja Kira, Mbajor aliye msaidizi wa Sisko, anamlilia kwa uchungu, na muda si mrefu marehemu anatokea mbele yao akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Daktari Bashir anagundua kwamba mwezi ule una vijiumbe vilivyoundwa makusudi, ambavyo huzirekebisha seli za maiti na kuzirudishia uhai. Kumbe mahali hapo ni gereza. Waennis na Wanol-Ennis, mahasimu ambao uadui wao ulikuwa umeishinda sayari yao, walihamishiwa huko ili wapigane bila kikomo na wawe funzo kwa wengine.

Jibu la swali letu limo ndani ya adhabu hiyo. Katika vita vya kawaida hasara ndiyo huwasukuma watu mezani: askari wanapungua, wazazi wanachoka kuzika, na hatimaye upande mmoja unakubali masharti ambayo mwaka uliotangulia usingekubali hata kuyasikia. Pale mwezini hakuna jeshi linalopungua, kwa hiyo hakuna anayeshinda wala anayelazimika kusalimu amri, ilhali maumivu ya kila jeraha na kumbukumbu ya aliyelitia vinabaki palepale. Mwili unapona, kinyongo hakiponi. Ndiyo maana Sisko alipowakutanisha viongozi wa pande mbili, Shel-la wa Waennis na Zlangco wa Wanol-Ennis, na kuwapa matumaini ya kuondolewa mwezini, kikao kiliishia katika shutuma na mapigano. (Kwa maoni yangu waandishi walimpunja Zlangco, tunausikia uchungu wa upande mmoja zaidi ya ule wa pili.)

Sayansi nayo inaingia mtegoni. Bashir anaona kwamba vijiumbe vinaweza kupangwa upya ili anayekufa afe kweli, na anamweleza Shel-la akidhani amemletea njia ya kuikomesha adhabu. Shel-la anachokiona ni silaha ya kumwangamiza adui moja kwa moja. Bashir anakataa kuitoa, na nadhani uamuzi huo ndio wa kitabibu zaidi kuliko yote aliyoyafanya pale.

Kwa hiyo linabaki suala la imani. Vijiumbe hufanya kazi mwezini tu, hivyo aliyefufuliwa akiondoka atakufa. Opaka, ambaye tayari amekwisha kufufuliwa, anasema hapo ndipo mahali pake na kwamba atabaki kuwasaidia wafungwa hao wapone kwa namna ambayo vijiumbe haviwezi. Aliyeanza kuonja uponyaji huo ni Kira, mpiganaji wa zamani aliyekuwa akiwapa Waennis mbinu za ulinzi huku akisisitiza kwamba yeye si mtu wa vita. Opaka anamkumbatia mpaka analia, na kumwelekeza kwenye jambo gumu zaidi kwake, yaani kujisamehe.

Mwaka 1994, katika sehemu iitwayo "The Collaborator", ilibainika kwamba wakati wa uvamizi Opaka mwenyewe alikuwa amewafichulia Wacardassia maficho ya wapiganaji 43 ili kuwaokoa wanakijiji 1,200, na miongoni mwa hao 43 waliouawa alikuwamo mwanawe wa kumzaa.