Jirani mwenye makelele: tuyaaminiyo Lamu na yalivyo

Kwetu Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, nyumba zimeshikana. Mlango wa mtu uko hatua mbili tatu kutoka mlango wa mwenzake, na siku ya msiba na siku ya harusi ni sisi kwa sisi. Ndiyo maana wengi wetu huamini kwamba kumwambia jirani apunguze sauti ni kumvunjia heshima, na kwamba kunyamaza ndiyo subira.

Nami niliamini hivyo miezi mitatu mizima. Kijana wa nyumba ya pili alikuwa ameweka spika kubwa ya besi juu kabisa, kwenye ghorofa ya makuti. Ikishaswaliwa Isha, anaifungulia. Chumbani kwangu maneno ya wimbo hayakufika, ulifika mdundo peke yake, na kikombe cha kahawa nilichokiweka kidakani, yaani kishubaka cha ukutani, kililia juu ya kisahani chake mpaka nikakitoa nikakiweka sakafuni. Na subira yangu ilikuwa nini? Nilikuwa naitikia salamu ya mamake nusunusu, na nikienda sokoni nazunguka kichochoro kingine nisipite barazani kwao. Ujirani ulishaharibika, na wenyewe hawana habari.

Siku niliyokwenda kubisha hodi nilichagua alasiri, kelele hazijaanza na hasira yangu imelala. Mama yule alinikalisha dakani, ukumbi wa mlangoni. "Karibu, dadangu. Mbona umetupotea?" Nilipomweleza alishika kifua. "Wallahi sisi huku chini hatusikii kitu!" Alikuwa akisema kweli, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa usingizi mwingi.

Tunadhani kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa unene ule, hazipitishi sauti, kwa hiyo anayelalamika anatia chumvi. Kuta zenyewe hazina kosa. Kitu kizito huzuia sauti vizuri, na mazungumzo ya chumba cha pili huyasikii. Lakini sauti haihitaji ukuta ilhali ghorofa ya makuti iko wazi pande zote na kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, hakina paa. Na besi ina njia yake nyingine. Spika ikikaa moja kwa moja sakafuni, sakafu hutikisika pamoja nayo, boriti za mikoko zilizoshika sakafu zimeingia ndani ya ukuta, na ukuta huo umegusana na wangu. Aliye karibu na spika husikia muziki, aliye upande wa pili husikia nyumba ikitetemeka.

Kijana mwenyewe alipanda nami juu. Tukakunja godoro kuukuu la sponji, tukaiweka spika juu yake, tukaisogeza mbali na ukuta. Usiku ule kikombe kilitulia. Muziki niliusikia kwa mbali, na huo sikuudai uzimwe.

Kuna wanaobandika trei za mayai ukutani. Hizo hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, hazizuii sauti kuja wala kutoka. Ziba nyufa za mlango na madirisha kwanza. Na kama uko Mji Mkongwe wa Lamu, usianze kuvunja ukuta kwa ajili hiyo, mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na majengo yake yana masharti.

Wengine hushangaa vipi muziki wa ng'ambo ya mkondo unasikika usiku na mchana hausikiki, wakadhani mwenyewe ameongeza makusudi. Mara nyingi hajaongeza. Usiku mara nyingi hewa ya chini hupoa kuliko ya juu zaidi, na sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotea angani.

Sasa sheria, kwa maana hapa ndipo uvumi ulipojaa. Utaambiwa "kabla ya saa nne usiku kila mtu ana uhuru wake." Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, huhesabu usiku kuanzia saa mbili, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ya nyumba za makazi kiwango ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 45 mchana na 35 usiku. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Na desibeli hazipandi kama shilingi: kila ukiongeza 10, nguvu ya sauti huzidi mara kumi, ingawa sikio huiona kama imezidi mara mbili hivi.

Je, hii ni kupiga vita harusi na maulidi? Hapana, na jambo hili linanigusa. Vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, likipita kichochoroni kwetu mimi hutoka nikashangilia. Kanuni zenyewe hutaka iangaliwe saa, kama kelele ni za mara moja au za kila siku, na kama zingeweza kupunguzwa. Anayetaka kuzidisha sauti kwenye sherehe huombea kibali. Nasi tuliofundishwa kwamba Jibrili alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka akadhani atarithishwa, kumpa jirani habari siku mbili kabla si mzigo.

"Utazoea" ni neno baya kumwambia mzazi wa mtoto mchanga au mgonjwa. Sikio halifungwi usingizini. Hata asiyeamka, moyo wake huenda mbio kelele zikija, na usingizi wake hupungua kina.

Mazungumzo yakishindikana, polisi si mlango pekee. Muite mzee wa mtaa au kamati ya Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa. Katiba ya 2010 imewapa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hupokea malalamiko. Iko pia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki mlalamikaji athibitishe kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Ila nenda na daftari: tarehe, saa zilipoanza, saa zilipokoma, na siku uliyokwenda kuzungumza naye. Programu ya simu ya kupima sauti hukupa makadirio tu, afisa atakuja na kipimo chake.