Swicha ya picha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Harusi, misa na hata mazishi siku hizi hurushwa mubashara, na nyaya zote huishia kwenye chombo kimoja: mashine ya kuchanganyia picha, tuliyozoea kuiita swicha. Kuchagua kamera, kuweka maandishi, kuchanganya sauti, kurekodi na kurusha mtandaoni, kazi zilizokuwa zikijaza gari zima la matangazo, sasa zimo humo. Vijana wengi wameipata bila mwalimu, na mengi wanayoambiana juu yake si sahihi.

Dhana: Swicha ya kweli ni ya vitufe, ya kompyuta ni ya kubahatisha.

Ukweli: Mwaka 1990 kampuni ya NewTek ya Marekani ilitoa Video Toaster, kadi ya kuchanganyia picha iliyochomekwa ndani ya kompyuta ya Amiga. TriCaster, swicha iliyotolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 2005, ndani yake ni kompyuta ya Windows, nayo imerusha matangazo ya vituo vingi. Kompyuta huangusha matangazo pale inapobebeshwa na kazi nyingine. Itengee kazi hiyo peke yake.

Dhana: Chomeka kamera yoyote, mengine yatajipanga yenyewe.

Ukweli: Hapa ndipo penye kazi hasa. Video ni picha tuli zinazofuatana kwa kasi, kila moja huitwa fremu, na kamera mbili zikiwashwa hazianzi fremu kwa wakati mmoja. Studio kubwa hupeleka mapigo ya pamoja kwa kila kamera, zote zikaenda sawa kama wapiga ngoma wanaomsikiliza mmoja. Swicha ndogo, mfano ATEM Mini iliyotoka 2019, haziziongozi kamera hivyo. Kila picha inayoingia hushikwa, ikasubirishwa, kisha ikaachiwa kwa mapigo ya swicha yenyewe. Ndiyo maana ukihama kamera picha hairuki, ila imeshachelewa. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na kamera nayo ina kuchelewa kwake kabla picha haijatoka kwenye HDMI, tundu la waya unaokwenda kwenye swicha.

Sauti ya MC, ikitoka moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbini, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, haisubirishwi popote, kwa hiyo inafika kabla ya midomo. Kwa mujibu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, watu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi; ikichelewa, mpaka zifike kama 125. Si ajabu. Anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, tunaliona shoka likitua kwanza, mlio unafuata. Kinyume chake hatujakizoea.

Tiba ipo kwenye mashine yenyewe: tafuta mahali pa kuchelewesha sauti. Mtu apige makofi mbele ya kamera, rekodi, kisha ongeza fremu moja moja mpaka viganja na mlio vikutane. Niliwahi kurusha harusi bila kufanya hivyo, na ndugu wa bibi harusi waliokuwa ughaibuni wakaangalia viapo vikisikika kabla ya midomo kufunguka. Siku ile haina marudio, na bado inaniuma.

Dhana: Fremu 60 ni bora kuliko 50 kwa kuwa ni nyingi zaidi.

Ukweli: Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni; kamera ya fremu 60 inaona, na picha inapepesa. Kamera zilizonunuliwa Marekani mara nyingi huja zimepangwa hivyo. Weka zote 25 au zote 50, na shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde.

Dhana: Intaneti ikikatika, kazi imekwisha.

Ukweli: Uchanganyaji hauhitaji intaneti. Kama unarekodi papo hapo, shughuli yote unayo.

Dhana: Vyote vimo kwenye kisanduku kimoja, basi mtu mmoja anatosha.

Ukweli: Vifaa vimekusanywa, macho na masikio hayajakusanywa. Anayechagua kamera anatazama picha iliyo hewani na inayofuata kwa pamoja. Hawezi wakati huohuo kusikia kwamba maiki ya padri imeanza kukoroma. Bajeti ikibana, kamera nne nazifanya tatu, lakini mtu wa sauti haondoki, na spika za masikioni anachomeka kwenye swicha, asitegemee anachosikia ukumbini.