Usalama wa chakula ni jukumu la nani? Gunia la unga kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi

Usalama wa chakula ni hali ya chakula kutokuwa na kitu cha kumdhuru anayekila. Tusiuchanganye na uhakika wa chakula, ambao ni kuwapo kwa chakula cha kutosha: ghala linaweza kujaa unga, na unga huo ukawa na sumu.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo jukumu hili halimo mikononi mwa ofisi moja, bali limegawanywa kufuatana na njia ambayo chakula hupita. Amri ya rais ya mwaka 2002 ilitaja huduma nne zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani: forodha, uhamiaji, ofisi ya udhibiti (OCC) na huduma ya usafi ya Wizara ya Afya. Kwa hiyo gunia la unga wa mahindi kutoka Zambia linapofika Kasumbalesa, mji wa mpakani, forodha hukagua hati na kutoza ushuru, ilhali OCC, iliyoundwa mwaka 1974, ndiyo yenye kazi ya kuchukua sampuli na kuipima. Karantini ya mimea na wanyama iko chini ya Wizara ya Kilimo. Nyama hukaguliwa na daktari wa mifugo machinjioni.

Mgawanyo huu una mantiki, kwa kuwa ugonjwa wa ng'ombe na ukungu wa mahindi havihitaji mtaalamu mmoja. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, uko sokoni. Mwezi wa Agosti 2024 Zambia iligundua aflatoksini katika unga wa mahindi, baada ya mbwa wengi kufa, na unga wa viwanda kadhaa ukaondolewa madukani. Sumu hiyo hutokana na ukungu, huweza kusababisha saratani ya ini, na moto wa kusonga bukari (ugali) hauiondoi. Mama anayechota unga kiganjani, akaunusa na kuusugua kwa vidole, hawezi kuitambua. Maabara pekee ndiyo huiona.

Sasa, amri ya kuondoa unga hutaja jina la kiwanda na namba ya toleo, navyo vimechapwa kwenye gunia. Lakini familia nyingi za Lubumbashi hununua kwa meka, yaani kwa kipimo kidogo cha sokoni: muuzaji hufungua gunia, humimina unga katika beseni, na gunia tupu huuzwa kwa kazi nyingine. Kuanzia hapo mkaguzi wa usafi wa soko hana njia ya kujua unga ulio mbele yake ulitoka wapi, hata akiwa na orodha kamili mkononi. Kumtaka muuzaji aache gunia wazi kando ya beseni, maandishi yakionekana, mpaka unga wake uishe, ni jambo ambalo manispaa inaweza kuliamuru bila kungoja maabara mpya.