Je, wajua kwa nini sarafu za fedha za Roma zilijaa miungu na mashujaa?

Neno letu "dinari" lilianzia Roma: denarius, sarafu ya fedha iliyoanza kupigwa mnamo 211 KK, jina lake likatufikia kwa njia ya Kigiriki na Kiarabu. Mwanzoni ilikuwa na uzito wa gramu 4.5 hivi. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha Roma, mungu wa kike wa mji wenyewe, mwenye kofia ya vita yenye mabawa. Upande wa pili, Castor na Pollux, mapacha wa visasili, juu ya farasi.

Kupiga sarafu ilikuwa kazi ya vijana watatu wa koo kubwa, waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia kwenye siasa. Kufikia mwishoni mwa karne ya 2 KK walishang'amua kwamba sarafu hupita mikononi mwa wapiga kura, wakaanza kuweka visasili vya koo zao.

Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yetu, ni sarafu ya Gaius Mamilius Limetanus ya 82 KK. Mzee mwenye fimbo na joho la msafiri anamnyoshea mkono mbwa mdogo. Huyo ni Ulysses, shujaa wa visasili vya Kigiriki, amerudi nyumbani baada ya miaka 20, na aliyemtambua ni mbwa wake, Argos. Ukoo wa Mamilius ulidai kutokana na Telegonus, mwana wa Ulysses. Geuza sarafu umwone mungu Mercury, babu wa mama yake Ulysses: nasaba nzima ndani ya kipande cha milimita 20 hivi!

Julius Caesar naye, 47 au 46 KK, aliweka mungu wa kike Venus, na upande wa pili mwanawe, shujaa Aeneas, amembeba baba yake begani. Ukoo wa Caesar ulijihesabu kuwa uzao wa Venus na Aeneas.

Kila sarafu iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, wa chini umekazwa, wa juu umeshikwa kwa mkono. Sarafu ikinasa kwenye muhuri bila fundi kuona, kipande kinachofuata hupata picha ileile pande zote mbili, moja imebonyea na kugeuka kinyume. Kosa la kawaida zaidi ni mkono kuteleza kidogo: picha inaenda pembeni, na kwenye sarafu ya Mamilius mara nyingine anayekatwa ni mbwa.