Je, wajua kwa nini wasomaji wanampenda Sherlock Holmes, mpelelezi wa vitabuni?

Sherlock Holmes angekuwa mpangaji mwenzako, nyumba ingekushinda. Tumbaku anaihifadhi kwenye ncha ya kiatu cha Kiajemi, na sigara kubwa anaziweka kwenye ndoo ya makaa. Barua ambazo hajazijibu amezipigilia kwa kisu cha kukunja juu ya meko, katikati kabisa ya rafu ya mbao. Siku akijisikia, anakaa kwenye kiti na kupiga bastola ukutani hadi matundu ya risasi yanaandika V.R., herufi za Malkia Victoria. Kazi ikikosekana anajidunga kokeni. Hana subira na watu wazito wa kuelewa, na akifanya jambo la akili hafichi kwamba anajua amelifanya.

Mtu wa namna hii amependwa tangu 1887, mwaka ambao daktari kijana aitwaye Arthur Conan Doyle alitoa riwaya ya kwanza ya Holmes. Wapo waliompenda hadi wakamwandikia barua. Wakati hadithi zinaanza, nyumba namba 221B, anakokaa Holmes hadithini, haikuwepo katika mtaa wa Baker jijini London. Mtaa ulipopangiwa namba upya miaka ya 1930, namba hiyo ikaangukia jengo la Abbey National, taasisi ya akiba na mikopo ya nyumba, na barua za Holmes zikaanza kumiminika hapo. Ikabidi awekwe karani wa kuzijibu. Waandishi wa barua waliarifiwa kwa adabu kwamba Bwana Holmes amestaafu, yuko Sussex anafuga nyuki, kama hadithi zenyewe zinavyosema.

Kwa nini basi? Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni akili yake. Ni kweli, raha ipo. Doyle alisomea udaktari Edinburgh, na huko alimwona mwalimu wake, Joseph Bell, akimtazama mgonjwa na kutaja kazi yake na alikotoka kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Holmes aliumbwa kutokana na kipaji hicho. Lakini akili peke yake haimfanyi mtu apendwe. Wapelelezi werevu wa vitabuni walikuwa wengi zama hizo, na wengi wao leo hata majina hatuyajui.

Mimi naamini jibu liko kwa mtu anayekaa kiti cha pili. Tunampenda Holmes kwa sababu Dakta Watson, rafiki anayeishi naye na kuzisimulia hadithi, anampenda, na sisi hatuna macho mengine ya kumtazamia isipokuwa ya Watson.

Chukua kisa cha saa, mwanzoni mwa riwaya ya pili, ya 1890. Watson anataka kumjaribu rafiki yake, anampa saa ya mfukoni aliyoipata karibuni na kumuuliza aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa aina gani. Holmes anaigeuza, anaifungua, anaikagua kwa kioo cha kukuzia. Kisha anaanza. Saa ilikuwa ya kaka yako mkubwa, aliyeirithi kwa baba yenu. Alikuwa mtu mchafu, asiyejali vitu vyake. Alianza maisha vizuri akayachezea, akaishi kwa shida, mara mojamoja akapata nafuu, mwishowe akaingia kwenye ulevi na kufa.

Watson anaruka kutoka kitini. Anadhani Holmes amechunguza kwa siri habari za familia yake, sasa anajifanya kuzisoma kwenye saa. Kumbe zote zilikuwa pale. Ndani ya kifuniko mna namba zilizokwaruzwa kwa ncha ya sindano, alama wanazotia wenye maduka ya rehani. Namba ni nne, maana yake saa iliwekwa rehani tena na tena, na kila mara mwenyewe alipata fedha za kuikomboa. Tundu la kutilia ufunguo limezungukwa na mikwaruzo, kwa sababu mlevi huitia saa yake ufunguo usiku na mkono unatetemeka.

Mahesabu haya yanapendeza, lakini tazama kinachotokea kabla ya maelezo. Holmes anaona amemuumiza rafiki yake, na anamwomba radhi. Anakiri kwamba alilichukulia jambo lile kama fumbo tu, akasahau kwamba ni msiba wa mtu. Angekuwa anasimulia Holmes, tungepata hesabu peke yake. Kwa kuwa anasimulia Watson, tunapata hesabu, tunapata jeraha, na tunapata wakati mtu mgumu anapotambua kosa lake.

Na Watson ni msimulizi wa kuaminika moyoni. Alikuwa daktari wa jeshi, akapigwa risasi katika vita vya Maiwand, Afghanistan, mwaka 1880, akarudi London na afya iliyovunjika, hana ndugu yeyote nchini. Anatafuta mtu wa kugawana naye kodi ya nyumba. Anampata mtu wa ajabu, na taratibu ule upweke unapata pa kukaa. Msomaji anayeingia kwenye hadithi hizi anaingia akiwa Watson: hajui kitu, ana hamu ya kujua, na anafurahi kualikwa.

Ndiyo maana kifo cha 1893 kiliuma vile. Doyle alikuwa amemchoka Holmes. Aliona riwaya zake za kihistoria ndizo kazi zake hasa, na tangu 1891 alikuwa amemdokezea mama yake kwamba anafikiria kummaliza, mama akampinga. Miaka miwili baadaye, katika toleo la Desemba la jarida la Strand, akampeleka Uswisi, kwenye maporomoko ya Reichenbach, akamwangusha pamoja na adui yake, Profesa Moriarty. Tukio lenyewe hatulioni. Tunamwona Watson akifika amechelewa, anakuta fimbo ya rafiki yake imeegemezwa kwenye mwamba, nyayo za watu wawili zikienda ukingoni na hakuna zinazorudi. Anaita, na kinachomrudia ni mwangwi wa sauti yake. Anafunga kwa kusema amempoteza mtu bora na mwenye hekima kuliko wote aliowahi kuwajua.

Wasomaji waliposoma hivyo walifiwa pamoja naye. Doyle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanamke mmoja alimtumia barua ya malalamiko iliyoanza kwa kumwita mnyama. Alishikilia msimamo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1901 akalegeza kidogo kwa riwaya ya mbwa wa Baskerville, iliyowekwa katika kipindi cha kabla ya kifo. Mwaka 1903, baada ya mchapishaji wa Marekani kuweka dau kubwa mezani, akamrudisha akiwa hai. Maiti haikuwahi kuonekana, basi njia ilikuwepo. Hapo napo Doyle alijua wa kumtazama: Holmes anajifunua, na Watson anazimia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni hadithi ambazo Watson hazisimulii. Kazi zote za Doyle kuhusu Holmes ni 60: riwaya 4 na hadithi fupi 56, hadi ya mwisho ya 1927. Kati ya hizo, 4 tu ndizo zilizoandikwa bila sauti ya Watson. Mbili anasimulia Holmes mwenyewe, mbili anasimulia mtu asiyetajwa. Soma hizo mbili za Holmes kisha urudi kwa nyingine. Akili ni ileile, mafumbo yapo, lakini kuna baridi. Mtu hawezi kujishangaa mwenyewe. Katika moja yao Holmes anakiri kwamba sasa, kalamu ikiwa mkononi mwake, ameanza kuona kuwa habari lazima ipangwe kwa namna itakayomvutia msomaji, jambo alilokuwa akimlaumu Watson kwalo miaka yote.

Kisha soma ile ya Garrideb watatu, iliyotoka 1924. Holmes na Watson wamemvizia mhalifu chumbani, anafyatua bastola, risasi inampata Watson pajani. Holmes anampiga yule mtu kichwani kwa bastola, anamshika rafiki yake, anamsihi aseme kwamba hakuumia. Midomo inamtetemeka. Anachana suruali kwa kisu, anaona jeraha ni la juujuu. Anamgeukia mhalifu na kumwambia wazi kwamba kama Watson angekufa, asingetoka chumba kile akiwa hai. Watson anaandika kwamba jeraha lile lilistahili, na hata mengi zaidi yangestahili, kwa kumwonyesha upendo uliofichwa nyuma ya uso ule wa baridi. Miaka zaidi ya thelathini ya hadithi kwa ajili ya dakika moja kama hiyo! Doyle angeionyesha kila mwezi, isingekuwa na uzito wowote.

Waandishi waliomfuata walilisoma somo hilo. Agatha Christie alipomleta mpelelezi wake Hercule Poirot mwaka 1920 alimpa Kapteni Hastings wa kumsimulia, na Poirot alipokufa kitabuni mwaka 1975, gazeti la New York Times lilitangaza tanzia yake ukurasa wa mbele, kama wanavyotangazwa watu wa kweli.

Na somo lilifika Unguja. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari na mwandishi wa magazeti, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na ndani yake tukampata Bwana Msa: kiko mdomoni, hana haraka, na kichwa chake hakiridhiki na habari za mizimu mpaka kimejua mkono wa binadamu ulifanya nini. Wahakiki wamesema tangu zamani kwamba kiko kile kinanukia mtaa wa Baker. Ni kweli, lakini Abdulla hakuchukua kiko tu. Alichukua pia rafiki. Najum yupo pembeni ya Bwana Msa, anauliza tunayotaka kuuliza, anakosea tunapokosea, anangoja kufumbuliwa fumbo. Wasomaji wa Bwana Msa wanaweza kusahau muuaji alikuwa nani katika kitabu kipi. Wale wawili wakiwa pamoja, wamekaa wanalichambua jambo, hawawasahau.