Msimu wa maua hauanzi tarehe 14

Februari 2024 ilinitia hasara ambayo sijaisahau. Nina duka la maua Kinondoni, na mwaka ule Siku ya Wapendanao iliangukia Jumatano ya Majivu. Mimi ni Mwislamu; Kwaresima huwa naijua pale jirani anapokataa nyama. Basi wiki nzima nikawa naposti "Jumatano jioni, mshangaze mezani", na mawaridi nikaagiza Arusha yashuke stendi ya Mbezi alfajiri ya siku yenyewe. Jumatatu akanipigia mama mmoja, mteja wangu wa miaka.

"Mwanangu, Jumatano sisi tunapakwa majivu na tunafunga. Ungeyaleta Jumanne ningechukua."

Kubadilisha oda nilikuwa nimeshachelewa. Jumatano usiku zilibaki ndoo mbili, na kwa joto la Dar la Februari, kufika Ijumaa mawaridi yalikuwa yamelegea shingo, vichwa vimeinama kama abiria waliosinzia kwenye daladala. Yalinunuliwa na nani? Na mbuzi wa jirani, bure.

Tangu hapo kila Desemba naitandika kalenda kubwa ya ukutani juu ya meza ya kazi na kuanza kuchora. Tarehe zisizohama zinaandikwa kwa wino: 14 Februari, 8 Machi ambapo maofisi huagiza ua moja moja kwa kila mfanyakazi wa kike, Krismasi. Zinazohama naziandika kwa penseli. Mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo msimu wa harusi wa mwaka juzi si wa mwaka huu. Pasaka nayo ina mwendo wake. Mwisho natia masika, kwa sababu mvua ya Aprili ikifunga barabara, bodaboda wangu hafiki popote na ua la bibi harusi limo ndani ya boksi lake.

Tuchukue 2026. Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, na Ramadhani inaingia wiki hiyohiyo. Maana yake harusi za Wakatoliki na za Waislamu zinasimama kwa pamoja. Za Waislamu zinarudi mfunguo mosi, baada ya Idi ya kama tarehe 20 Machi. Za Wakatoliki zinangoja Pasaka ya 5 Aprili. Ukiwa na duka la maua Dar na hukuona hilo mapema, Machi utakaa unafagia majani. Aliyeliona anaanza kuzungumza na kamati za harusi tangu Desemba, wakati michango bado inakusanywa na wenye shughuli wanagombania Jumamosi za Januari.

Hapo ndipo wenzangu wengi tunapotofautiana. Wao hutangaza siku yenyewe, picha ya ua jekundu na neno "ofa". Siku yenyewe mteja ameshaamua. Anayekupigia ni yule aliyesahau, naye anataka bei ya huruma. Mimi naandika wiki tatu kabla, na naandika lile ambalo watu wameanza kuniuliza dukani. Kabla ya mfunguo mosi, kwa mfano, naeleza kwa nini oda ya vikuba haipokelewi asubuhi ya harusi. Asumini huchumwa alasiri ingali imefumba, hutungwa jioni pamoja na rehani na mkadi, na hufunguka usiku. Harufu ile inayokufikia kabla bibi harusi hajaingia ni kazi ya jana yake. Ukiniletea oda saa mbili asubuhi, nitakupa asumini iliyokwishachoka. Maelezo hayo mafupi yameniondolea ugomvi mwingi na mashangazi, na mashangazi ndio wanaoshika hela.

Siku ya Mama ina mtego wake. Huku tunafuata Jumapili ya pili ya Mei, ambayo 2026 ni tarehe 10. Uingereza wanayo Jumapili ya nne ya Kwaresima, mwaka huo 15 Machi. Watoto walioko London huanza kuniandikia mapema Machi, "Dada, mpelekee mama Sinza", na mama akipokea anashangaa sikukuu gani hii. Kwa hiyo nina maandishi mawili: moja la Februari kwa walioko huko, jingine la Aprili kwa tuliopo hapa. Lile la Februari ni fupi, lakini ndilo linaloniokoa Ramadhani.

Mashada ya msiba siyatangazi kabisa. Tunatengeneza, usiku wa manane tukiitwa tunaamka, lakini sitamwandikia mtu kumkumbusha kwamba tunayo.

Jambo jingine: usiandike upya kila mwaka. Maandishi yangu yaliyosomwa kuliko yote ni ya kabla ya Krismasi, kuhusu kwa nini maua yananyauka siku ya pili. Kata shina mshazari, upana wa vidole viwili. Ondoa majani yote yatakayozama. Maji yabadilishwe kila siku, na feni isipulize maua. Kisha lile ambalo hakuna anayelitegemea: yaweke mbali na matunda yanayoiva. Embe na ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha matunda, na ua likiipata linazeeka haraka. Desemba ndiyo maembe yamejaa kila nyumba Dar, na meza ya wageni ni moja. Kila mwaka nabadilisha tarehe na bei tu, nayatuma tena kwenye WhatsApp, na watu wanayasambaza kwa ndugu zao bila kuombwa.

Desemba iliyopita mteja akanijibu kwa picha: chombo changu cha mawaridi meupe, na pembeni yake, vikigusana, sinia la maembe dodo. Chini ameandika, "Dada, nani ahame?"