Kanzu ya kweli, maneno ya kubuni

"Si wameandika ni kisa cha kweli? Basi ndivyo ilivyokuwa." Kauli hii husikika sana barazani hapa Bagamoyo, hasa zikitajwa filamu za wavumbuzi wa kale waliosafiri Afrika. Sivyo. "Kisa cha kweli" maana yake ni kwamba mhusika aliishi. Mavazi yanaweza kuwa sahihi mpaka kifungo, ilhali mazungumzo na mapenzi ni ya kutungwa.

Filamu ya Hollywood ya 1939, Stanley and Livingstone, inamzulia Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, binti wa kumpenda. Hata ile salamu maarufu ya Ujiji, mwaka 1871, "Dk. Livingstone, nadhani?", ina utata: Stanley aliisimulia mwenyewe, lakini kurasa za shajara yake za mkutano huo zimechanwa.

Mimi kinachoniuma zaidi ni kinachoachwa. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili juani, wakaubeba miezi tisa hivi hadi Bagamoyo, Februari 1874. Ndiyo asili ya jina Mnara wa Livingstone pale misheni: aliletwa akiwa maiti, hakuhubiri humo. (Wapo wanaoulizia kaburi lake hapa. Liko Westminster Abbey, London.) Mazishini, Aprili, alikuwepo Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliosafiri na mwili. Chuma na Susi walifika Uingereza watu wameshazika.